Suruali Zilizopunguzwa Mara Tatu: Maisha ya Mzee Pindo

Ndugu, jamaa na marafiki, nasimama mbele yenu nikiwa binti wa kwanza wa marehemu, fundi cherehani ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Pindo, kwa kuwa hakuweza kuona suruali ya mtu ikiburuta chini bila kumsimamisha na kuikunja.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne kati ya saba, akaanza shule mwaka 1956 na kuishia darasa la saba, kisha mjomba wake akamfundisha kushona. Mwaka 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, chumba cha kukata vitambaa, akakaa humo hadi kilipofungwa mwaka 1991, ndipo akafungua chumba chake nyuma ya posta. Tarehe 9 Agosti 1974 alimwoa mama yetu, aliyekuwa meza ya vifungo kiwandani humo, wakajaliwa watoto watano na wajukuu kumi na mmoja.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana, akapasuliwa tarehe 11 Aprili, akatoka salama akiwa na kilo sitini na nane. Mtaalamu wa lishe alitupatia karatasi ya vyakula vya kumpa, mayai, maziwa, maharage, uji wa karanga, kidogo kidogo mara sita kwa siku, nami nikaitia mkobani, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba vyakula hivyo vinainenepesha saratani. Nikawa nampa maji ya majani. Aliniomba, "Mwanangu, hata yai moja," nikamjibu, "Baba, utaulisha ugonjwa," naye akavuta cherehani akajipunguzia suruali kiunoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sisi tukamtania kwamba amerudia ujana.

Septemba alikuwa na kilo arobaini na tisa. Daktari alisimamisha dawa za saratani alizoanzishiwa baada ya upasuaji, akasema, "Mwili huu hauwezi kuzibeba." Ndipo nikaitoa ile karatasi mkobani, tukaanza kumlisha kwa kijiko, akaongezeka kilo tatu, lakini homa ya mapafu ilimkuta hana akiba mwilini, akafariki tarehe 3 Desemba, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Daktari ameniambia kwamba umri na ugonjwa navyo vilikuwa na sehemu yao, na hakuna awezaye kuhesabu miezi ambayo chakula kingempa. Nimemsikia. Ila najua baba yangu alikuwa na njaa, na aliyemnyima chakula ni mimi. Wiki mbili kabla hajafariki nilimweleza habari za ile karatasi, akasema, "Waambie na wengine wenye wagonjwa," ndiyo maana nimeyasoma haya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliomalizia nguo za wateja alizoziacha mezani.

Baba, nisamehe, na upumzike kwa amani.