Tuzo za Jaswant Matharu Ziko kwa Wenyewe

Marehemu Jaswant Singh Matharu alizaliwa Nakuru, Kenya, tarehe 4 Juni 1946, mtoto wa pili wa fundi seremala wa reli. Alisoma Nakuru hadi kidato cha nne, na mwaka 1965 akapelekwa Bombay kusomea uhandisi. Uhandisi wenyewe haukumwona sana. Baba yake alikuja kumwona kwenye bango la sinema.

Aliigiza miaka thelathini na akatunukiwa mara tatu. Tuzo hizo tutazitaja moja moja, maana juzi mgeni mmoja alikuja matangani hapa Harrow, London, akakagua kabati kabla hajatoa pole. Mimi, shemeji wa marehemu, nikamuuliza, "Umepoteza nini humo, dada?" Akasema, "Nasikia mke ameziuza." Basi sikilizeni, na nyinyi majirani wa mtaa wa Queensbury pia, maana maneno yalianzia kwenu.

Mwaka 1974 alikuwa mwigizaji bora msaidizi. Tuzo hiyo alimpa Kamal, aliyeruka kutoka kwenye treni badala yake kwenye filamu hiyo, akavunjika nyonga. Kamal anayo mpaka leo. Mwaka 1982 akawa mwigizaji bora. Hiyo alimpa Bi. Madhu, aliyemfundisha kutamka kila neno, kwa sababu Kihindi chake kilikuwa cha Nakuru. Bi. Madhu ametangulia; wanawe wameitunza.

Alihamia London mwaka 1996, baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza. Dada yangu Priscilla, muuguzi, alikutana naye hospitalini alipokwenda kutolewa damu. Kuona sindano tu, akajitupa kitandani: "Sista, nakufa." Priscilla hakuwa ameona filamu yake hata moja. Akamjibu, "Mzee, hapa hatutoi tuzo. Nyosha mkono." Walifunga ndoa Harrow tarehe 12 Julai 2003, wakajaliwa binti, Daisy.

Ugonjwa wa Parkinson ulimwanza mwaka 2017. Priscilla aliacha kazi, akamlisha, akamwogesha, akamnyoa. Wakati huo kabati halikuwa na wakaguzi. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake, ikaletwa nyumbani kwa kuwa miguu ilishakataa. Akamgeukia mkewe mbele ya wageni wote: "Mama Daisy, hii ni yako. Wewe umenivumilia bila kamera." Iko chumbani kwa Priscilla. Leo hatukuileta, na hatutaileta.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Priscilla; watoto Sandeep na Rupa, wa mke wa kwanza, na Daisy; na wajukuu wanne. Kuna tangazo la msiba limemwandika Priscilla "mhudumu wa marehemu." Hapa ameandikwa mjane, tena wa kwanza kwenye orodha, na ndiye atakayefuata jeneza mbele ya watu wote. Anayetaka kumpita, apite tumwone.

Shemeji, lala kwa amani. Wenye maswali waniletee mimi.