Maisha ya Papa Clovis Muzaliwa, Mtunzaji wa Kadiyaki ya Kasongo

Wapendwa wazazi, ndugu, majirani, wakristo na waislamu mliofika kutoka Kasongo, Wamaza na Kabambare, familia inawasalimu kwa jina la Mungu mwenye uzima wetu.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, hapa Kasongo, Papa Clovis Muzaliwa alitoa pumzi yake ya mwisho hospitalini, mke wake Mama Émérance akiwa amemshika mkono wa kuume, na tangu saa ile swali moja limezunguka sokoni, msikitini na kwenye uwanja wa parokia, watu wakiulizana kama gari lake, ile Cadillac nyeupe ambayo sisi wote tunaiita Kadiyaki, litambeba leo mpaka makaburini. Familia imelisikia swali hilo na jibu litatolewa, ila tunaomba kwanza msikilize maisha yake kwa uvumilivu, kwa sababu jibu hatukulitunga sisi, alilitunga mwenyewe kwa jinsi alivyoishi.

Marehemu alizaliwa Wamaza, katika territoire, yaani wilaya, ya Kabambare, tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Kalonda, mkulima wa mpunga na muhogo, na wa Mama Sidonie, Wabangubangu wote wawili, waliombatiza mwezi ule ule aliozaliwa kwa sababu alikuwa dhaifu na hawakutegemea kwamba angeona mavuno. Aliyaona mavuno sabini na nne, Mungu asifiwe.

Alianza shule ya msingi ya misioni mwaka 1958, akaiacha mwaka 1964 wakati wa machafuko, familia ilipokimbilia porini, na mwaka 1966 akatembea kwa miguu mpaka Kasongo kwa mjomba wake, ambako alimaliza darasa la sita mwaka 1968, kisha akakaa miaka miwili katika karakana ya misioni, chini ya padri mmoja mzee aliyependa injini karibu kama alivyopenda zaburi. Hakuwa mtu wa vyeti vingi, Kifaransa alikisoma polepole, kidole kikiwa juu ya mstari, lakini alichokisoma hakikumtoka tena.

Tarehe 2 Machi 1970 aliajiriwa na Mzee Kamaldine, mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi, ambaye alikuwa amelipata gari lile kutoka kwa mzungu mmoja mnunuzi wa pamba aliyerudi kwao. Lilikuwa Cadillac ya mwaka 1956, lilikuja kwa meli, likapanda treni, likavushwa mto Lualaba kwa kivuko, na siku Clovis alipoliona mara ya kwanza, mbuzi wa jirani alikuwa amelala chini yake na halikuwa limewaka kwa mwaka mzima. Alilifanyia kazi tangu Kwaresima mpaka Pentekoste, na lilipowaka, Mzee Kamaldine, aliyekuwa ameketi ndani na tasbihi yake, alingoja kidogo kisha akasema, “Clovis, endelea basi, liwashe,” naye akajibu, “Papa, liko linawaka tangu zamani, ni vile halina kelele.” Hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia, wa mwislamu na mkristo, na haukuisha mpaka mmoja alipomzika mwenzake.

Yule padri wa karakana ndiye aliyemfundisha asili ya gari, na marehemu alikuwa akiisimulia mbele ya kanisa, akingoja maarusi watoke, kwa mpango kama mtu anayesoma ukoo wa Abrahamu. Alisema kiwanda kilianzishwa mwaka 1902 katika mji wa Detroit, huko Amerika, kikapewa jina la Mfaransa aliyeuanzisha mji ule mwaka 1701, na kwa hiyo hakuna sababu ya kulitamka kwa Kiingereza. Alisema kwamba mwaka 1908, Waingereza walichukua Cadillac tatu, wakazifungua mpaka msumari wa mwisho, wakachanganya vyuma vyote, wakaunda tena gari tatu kutoka katika lundo lile, nazo zikawaka na kutembea kilomita mia nane, jambo ambalo siku zile lilikuwa kama muujiza, maana vyuma vya magari mengine vilichongwa kimoja kimoja na havikukubali kuhamia kwa ndugu zao. Alisema pia kwamba zamani injini iliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono, chuma kikiruka kinavunja mfupa, na Cadillac mwaka 1912 ilikuwa ya kwanza kuwapa watu wote kuwasha kwa umeme, mzee, mama, hata mgonjwa. Na wakimuuliza yale mapezi ya nyuma ni ya kazi gani, yaliyoanza mwaka 1948, alijibu kwamba hayana kazi, ni kama maua kwenye altare.

Ndiyo maana watu walilipenda. Mwaka 2013 mchuuzi mmoja wa dhahabu wa Salamabila, mwenye gari refu jipya linalopita matope yote, alimleta mchumba wake kwa pikipiki mpaka ukingo wa mji, akamvalisha nyumbani kwa watu, ili tu aingie kanisani kwa Kadiyaki, na alipoulizwa sababu alisema, “Ile yangu inanifikisha, hii inanionyesha.” Kiti chake cha nyuma ni kipana, kanzu ya bibi-arusi haikunjwi, vioo ni vikubwa, mama zake wanamwona tangu mlangoni, na kwa vile halina haraka, hata watoto wanaokimbia pembeni wanafika pamoja naye.

Tarehe 6 Septemba 1980 marehemu alifunga ndoa takatifu na Mama Émérance, na kwa kuwa hapakuwa na dereva mwingine aliyelijua gari, aliendesha mwenyewe, amevaa suti, bibi-arusi ameketi nyuma na msimamizi, na walipoteremka, wajomba wa mke waliotoka Kabambare walimpa mkono msimamizi, wakambusu na kumwonya amtunze binti yao. Mama Émérance mpaka juzi alikuwa akisema, “Mimi niliolewa na shoferi, bwana-arusi sijui alienda wapi.” Mungu aliwajalia watoto watano, Esther-Divine akiwa wa tatu, na wajukuu kumi na wanne.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo jibu letu linatoka. Mwezi wa Februari 1983 alifariki mtu mkubwa wa mji, familia yake ikaomba gari, Mzee Kamaldine akakubali, na Clovis, akidhani anatoa heshima, aliingiza jeneza kwa shida kwenye kiti cha nyuma, ncha yake ikitokea dirishani, akampeleka makaburini. Jumamosi iliyofuata alikwenda kumchukua Olga, binti wa kwaya, siku ya ndoa yake. Shangazi zake walisimama mlangoni na kumwambia, “Clovis, tunakuheshimu sana, lakini bibi-arusi hatumuweke mu kitanda ya marehemu.” Olga alilia, akakunja kanzu mkononi, akatembea mpaka kanisani katika tope la mvua, na Clovis akamfuata nyuma kwa mwendo wa miguu, gari likiwa tupu, akaona aibu ambayo hakuisahau. Jioni ile Mzee Kamaldine alimwambia, “Hii motokari iko ya furaha, isibebe tena maiti, hata yangu,” wakapeana mkono. Mama Olga yuko hapa kati yetu na watoto wake, na sote tunajua kwamba baadaye mabinti zake watatu waliingia Kadiyaki bila hofu.

Ahadi ile ilipita katika moto. Mwaka 1998, vita vilipokaribia, marehemu alikumbuka gari tatu za Uingereza, akalifungua lile moja la Kasongo, akaligawa kwa nyumba za mji, injini chini ya ghala la mpunga, milango kwa waislamu ikawa meza za kutandikwa kitambaa, kiti cha nyuma kwa wakristo, wanakwaya wakakikalia, na bodi ikabaki uani kwake, matembele yakatambaa juu, kuku wakataga ndani. Kabla ya hapo wanajeshi walikuwa wamekuja kutafuta mafuta, wakalizunguka gari bila kuona kifuniko, kwa maana katika Cadillac ya mwaka ule kifuniko kimefichwa chini ya taa ya nyuma ya kushoto, na mkubwa wao alipouliza, “Mzee, mafuta inaingilia wapi?” marehemu alijibu kwa upole, “Sijui nikuambie nini, chef, hii ya Amerika,” nao wakaenda zao wakicheka. Mwaka 2004, amani iliporudi, kila nyumba ilirudisha alichoiwekea, isipokuwa kioo kimoja cha taa, na Bibi Mwamvita, aliyekuwa ameufunga usukani ndani ya kikwembe chake cha kuvaa, alimkabidhi akisema, “Mwanangu Clovis, miaka yote hii niko na usukani, na gari halijanifikisha hata sokoni.” Siku ya kwanza lilipowaka, abiria wa kwanza alikuwa yeye, kwenda sokoni na kurudi. Tangu hapo mwenye ndoa alileta mafuta tu, kwa sababu marehemu alisema gari limelala katika nyumba za wote.

Mzee Kamaldine alifariki mwaka 2009, akabebwa mabegani, na mtoto wake Souleymane akamwachia Clovis gari. Mwaka 2011 alifariki Mama Sidonie, mama yake mzazi, na hapo ahadi ilimuuma, kwani mdogo wake Aristote alimwambia mbele ya watu, “Yaya, kaka yangu, unabebaga mabinti ya watu, na mama yetu aende mu mabega kama mutu hana mutoto?” Marehemu akamjibu, “Mutu hana mutoto ndiye hana mabega. Mama iko nayo ya watoto saba.” Akashika mti wa mbele wa machela ya jeneza, akambeba mpaka mwisho bila kupokewa. Aristote hakula kwa kaka yake mpaka Noeli ya mwaka uliofuata, Mama Émérance alipompelekea sahani ya wali na samaki na ujumbe kwamba inapoa.

Alipoona nguvu zinapungua, tangu 2014 alimfundisha Esther-Divine, ambaye ni mwalimu wa shule, kuendesha katika uwanja wa mpira. Wengine walinung'unika kwamba mwanamke hawezi kupeleka maarusi, na Djamali, kijana wa pikipiki, alimpigia kelele, “Mwalimu, ukigonga mbuzi yangu utanioa,” naye akajibu, “Basi ficha mbuzi.” Baba yake aliwarudishia wote habari ya mwaka 1912, akisema kwamba Cadillac ilikwisha kuijibu hoja hiyo kabla ya babu zao kuoa.

Mwezi wa Mei 2023 ugonjwa wa moyo ulianza, miguu ikavimba, akapata nafuu, akaanguka tena Julai mwaka huu. Hakuwa na huzuni, alisali rozari, alicheka na wauguzi. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja, kwamba Aicha, binti wa Souleymane na mjukuu wa Mzee Kamaldine, ataolewa leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti, na aliogopa kwamba kifo chake kitaizuia ndoa hiyo, au upendo wenu utamweka ndani ya Kadiyaki kabla ya bibi-arusi. Jumanne Souleymane alikwenda kumwambia, “Papa, tutasogeza ndoa,” naye akajibu, “Mwanangu, nikikawia kufa mutangojea, nikikufa mbele mutangojea tena. Aicha atazeeka.” Kisha akamgeukia Esther-Divine, akamwagiza asipige honi mbele ya hospitali kwa sababu kuna wagonjwa, ila mbele ya makaburi apige, kwa maana pale hakuna anayeumwa.

Jana wazee wa ukoo walikaa kikao. Wengine waliona ni aibu vigelegele kupita karibu na kaburi lililo wazi, na Mama Émérance aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache, kwamba mume wake hakumbeba mama yake mzazi, na yeye hatamfanya mwongo siku ya mwisho.

Jibu letu basi ni hili. Kadiyaki haitambeba Papa Clovis. Atabebwa mabegani, na mti wa mbele utashikwa na Aristote, aliyeomba mwenyewe. Baada ya kutupa udongo wake, Esther-Divine atatuaga, atabadilisha kikwembe na kwenda kumchukua Aicha, na kwa kuwa barabara ni moja, msafara wa ndoa utapita makaburini wakati sisi tungali pale. Tunawaomba msinung'unike, mpishe njia, na mwenye kuweza kumpungia bibi-arusi mkono, ampungie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, paroko na wakristo wa parokia, imamu na waislamu walioleta maji na kuni tangu Alhamisi, majirani waliolala nje pamoja nasi, walimu wenzake wa Esther-Divine, na vijana wa pikipiki waliowaleta ndugu kutoka Wamaza na Kabambare bila kuchoka. Mungu awarudishie.

Ee Bwana, ulimpa Clovis mtumishi wako mikono ya kutengeneza na moyo wa kufurahia furaha ya wengine, umsamehe alipokosa, umfungulie mlango, umketishe pamoja na Mama Sidonie na wote waliomtangulia. Mfariji Mama Émérance, wabariki Aicha na mume wake katika nyumba wanayoianza leo, na utupe sisi moyo wa kulia bila kumzuia mwingine kucheka. Umpumzishe, Bwana, katika amani yako isiyokwisha. Amina.