Mguu Ulioteguka na Jina la Tapkigen

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mlioketi mbele, na ninyi mlio nje kwa nyasi, asifiwe sana! Naitwa Wambui, wengi mnaniita Mama Njeri. Leo nimesimama kwa miguu miwili, na nataka mjue kwamba huu wa kushoto ulikuwa karibu kukatwa.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nachuma maua ya pareto katika shamba la Mzungu mmoja kule Molo. Mume wangu alikuwa amechukuliwa na askari, siku zile za Hali ya Hatari, na sikujua alipo. Nilibaki na watoto wawili katika kambi ya wafanyakazi. Sisi Wakikuyu tuliishi kwa hofu. Asiyeweza kufanya kazi alipandishwa lori akarudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, na mimi huko sikuwa na mtu wala shamba. Tena nilijiuliza, baba yao akitoka, atatutafuta wapi?

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa navuka mto, mguu ukateleza ukaingia katikati ya magogo ya daraja. Mwili ukaenda huku, mguu ukabaki kule. Nikasikia kitu kikiruka ndani ya mguu, hapa juu ya wayo, kisha kikarudi nusu. Nusu tu, ndugu zangu! Nikaona kinundu ambacho hakikuwepo. Nikararua leso, nikaufunga kwa nguvu, nikaenda kazini. Sikumwambia mtu.

Wiki zikapita na kikapu changu kikawa chepesi. Nyapara akaniuliza mbele ya watu, "Mama, siku hizi unalala kwa mistari ya maua?" Hapo ndipo shetani aliponipa maneno. Mstari wa pili alikuwa akichuma Tapkigen, mama wa Kikipsigis, mtu asiyesema sana. Nikamnyooshea kidole. "Huyu anachuma maua yangu nikigeuka."

Uongo mtupu! Tapkigen aliniangalia tu. Nyapara akamwondoa kwa pareto, akampa kazi ya kuchotea kambi maji, madebe mgongoni kutoka mtoni hadi juu kilimani, kutwa nzima. Na mimi Jumapili nikaendelea kuimba kanisani, tena kwa sauti ya juu!

Ndugu zangu, Mungu hachezewi. Siku moja mchana nilishuka mtoni kufua. Mguu ule ule ukakanyaga jiwe, na safari hii mfupa haukurudi. Ulitoka wote. Nilipouangalia, nusu yake ya mbele ilikuwa imegeukia nje, kama mguu wa mtu mwingine. Nikaanguka nikilia, "Yesu! Yesu!"

Tapkigen alikuwa anapanda na debe lake. Alinipita. Kisha akasimama, akarudi, akaliweka debe chini.

Wanaume wawili walikuja mbio, mmoja akashika kidole gumba ili avute. Tapkigen akampiga mkono. "Wacha! Nyanya yangu alikuwa akirudisha mifupa, na huu hangeugusa. Angalia vidole, vinakuwa baridi." Akanigeukia. "Mama Njeri, huu uliteguka lini?"

"Leo."

Akafungua ile leso niliyoufungia, akaona ilivyochakaa. "Hapana. Huu ni wa zamani."

Akainama, akanibeba mgongoni, pale pale anapobebea debe, mpaka barabarani, akasimamisha lori la maziwa. Karibu na Njoro askari walikuwa wamefunga barabara, nami sikuwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka shambani. Askari akasema, "Huyu mama wa Kikuyu ashuke." Tapkigen akafunua blanketi nililofunikwa. "Basi mshushe wewe. Mshike hapo mguuni." Askari aliangalia mara moja, akageuza uso, akapunga mkono tupite.

Nikashindwa kuvumilia. "Tapkigen, nilikusingizia."

"Najua," akasema. "Si nilikuwepo?"

"Sasa mbona umenibeba?"

Alinifunika tena mguu, tukaanza kuona ziwa la Nakuru. "Nilitaka kukuacha. Lakini ulikuwa unamwita Mungu, na aliyekuwa karibu ni mimi. Nikaogopa."

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniuma kuliko mguu!

Hospitalini daktari aliupapasa ule mguu, akaniambia mifupa haikuvunjika, viungo vimeachana. Mara ya kwanza viliachana kidogo, na kama ningekuja, ingekuwa kazi ndogo. Sasa vimeachana kabisa na damu haipiti vizuri. Tungengoja hadi kesho yake, angekata. Wakanipa dawa ya usingizi, wakairudisha mifupa, nikaamka na plasta mpaka gotini. Vidole vilikuwa na joto. Nilivishika kimoja kimoja, nikimshukuru Bwana.

Majuma yote niliyolala pale, Tapkigen aliwalisha watoto wangu.

Niliporudi shambani nilienda moja kwa moja, na fimbo yangu, mahali watu huitwa majina asubuhi. Nilijua nikisema nitapandishwa lori. Nikasema. "Nyapara, huyu mama hakuchuma ua langu hata moja. Nilikuwa mgonjwa, nikamsingizia." Nyapara alituangalia, mimi na yeye, kisha akasema Tapkigen arudi kwa pareto, na mimi nikae kibandani nichambue maua yanayokaushwa, kazi ya kuketi. Basi. Hakuniitia lori! Na mwaka uliofuata Baba Njeri alitoka kizuizini, akatukuta pale pale. Haleluya!

Mguu bado unauma baridi ikija. Tapkigen alirudi kwao, na kila siku namtaja mbele za Mungu.

Sasa nakuomba wewe uliyeketi hapa, na kuna mtu ulimchafulia jina. Usingoje. Mwamini Bwana, atakupa nguvu ya kusema, na yatakayofuata mwachie yeye. Ukiogopa kwenda peke yako, nione tukitoka hapa, nitakusindikiza mwenyewe. Natembea polepole, lakini tutafika.