Kikombe Juu ya Mikono ya Muzamili

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Oli, karibu na daraja, mbele ya jiko la mkaa la Mariam Poni anayeuza kahawa ya tangawizi. Ni benchi moja la watu watano. Siku hizi wanakaa wanne na kubanana, kwa sababu mwisho wa kushoto ni pa Marino, na tangu Marino alipouawa kwenye barabara ya Koboko, wiki ya tatu sasa, hakuna mwenye moyo wa kupakalia. Marino alikuwa mlinzi. Alipiga shabaha kumi kwa kumi kwa bastola, kampuni ikamzawadia kiti cha mbele kwenye lori la mizigo, na majambazi waliposimamisha lori walianza na kiti hicho. Jina lake tunalitaja kutwa. Kwamba amekufa, hatusemi. Mimi nashona viatu pembeni ya benchi, kwa hiyo nasikia yote, hata yale ambayo ningependa yanipite.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Muzamili alikuja na karatasi ameikunja mfukoni. Naye ni mlinzi, kampuni ileile. Miaka sita amelinda geti la ghala kwa rungu, na sasa amepewa bastola. Aliifungua karatasi mapajani. Ni karatasi ya shabaha: kivuli cheusi cha mtu, kichwa hadi kiuno, na matundu kumi, yote chini kushoto, nje kabisa ya mtu.

Muzamili: Kesho narudi Koboko kupiga tena. Nikikosa, narudisha yunifomu. Nikipata, napanda lori.

Lori hilo ndilo lenye kiti kile cha Marino. Nyumbani mkewe Ayikoru ana mimba ya miezi minane, na kazi nyingine hapa mjini ameitafuta mpaka soli zikaisha, mimi ndiye niliyezibadilisha. Kila mtu akaangalia kikombe chake.

Wa kwanza kusema alikuwa Sajini. Jina lake ni Abdunoor, alikuwa mwanajeshi zamani sana, na akizungumzia silaha hukaa wima kama anakaguliwa. Alikunywa kahawa yake ikaisha, akakifudikiza kikombe juu ya karatasi. Matundu yote kumi yakapotea.

Sajini: Munaona? Mutu hapana jua kupiga, risasi yake natawanyika. Hii yote iko pahali moja. Mukono yake iko muzuri.

Muzamili: Lakini nakosa, Sajini.

Sajini: Wewe nakosa sawasawa kila siku. Hiyo iko rahisi kutengeneza. Taabu iko kwa kidole. Mulio bado kutoka, wewe nashtuka mbele yake, bastola naangalia chini. Finya polepole, polepole, mupaka mulio yenyewe nakushangaza.

Hapo Daktari akakohoa. Ni Ronnie huyo, aliyewahi kuuza panadol mwaka mmoja, cheo kikamganda.

Daktari: Si kidole. Iko damu. Kahawa naenda kwa moyo, moyo nasukuma mukono, mukono nasukuma bastola.

Mariam Poni: Ronnie, wacha kahawa yangu. Marino alikunywa hapa vikombe tatu, akaenda kupiga kumi.

Daktari: Marino damu yake ilikuwa baridi.

Akauziba mdomo wake kwa kikombe. Aliyemwokoa ni Lado, mwuza vitenge kutoka Sudan Kusini, ambaye amezikimbia risasi nyingi kuliko sisi sote tukijumlishwa.

Lado: Mimi naona taabu iko kwa karatasi. Huyu mutu hapana macho. Nani naweza kupiga kitu hapana muangalia? Chora macho.

Daktari: Ukichora macho, atashindwa kabisa.

Lado: Basi chora mugongo.

Sajini: Nyinyi mutaua huyu mutoto ya watu.

Hakuna aliyecheka. Sajini mwenyewe alisikia alichosema, akainuka haraka, akamwambia Muzamili anyooshe mikono yote miwili kama ameshika bastola. Akampa kijiti cha kushika na kufinya badala ya bastola, akaweka juu ya mikono kikombe kilichojaa kahawa.

Sajini: Jeshini tulikuwa naweka shilingi juu ya bomba ya bunduki. Hapa iko kikombe. Angalia ncha ya kijiti, wacha ile jiko iwe ukungu. Vuta pumzi, toa nusu, finya.

Kahawa ilimwagika. Mara ya pili ikamwagika tena, Muzamili akalamba vidole na kumwomba Mariam Poni ajaze.

Daktari: Nimejua sasa. Mulio naingia kwa sikio ya kushoto, ndiyo sababu risasi naenda kushoto. Weka pamba sikio hiyo.

Lado: Na ya kulia?

Daktari: Wacha wazi. Mulio lazima ipate mulango ya kutoka.

Lado: Kwetu mutu wa shabaha alikuwa nalala na jiwe baridi ya mutoni kwa mukono siku tatu. Mukono nasahau kuogopa.

Mariam Poni: Mutihani iko kesho. Siku tatu atatoa wapi?

Lado: Basi leo alale na mawe tatu.

Tulicheka. Nakiri tulicheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe, maana kila mmoja alikuwa anaogopa na hakutaka jirani ajue. Muzamili peke yake hakucheka. Alivuta pumzi, akatoa nusu, akafinya, akarudia. Mara ya saba au ya nane kikombe kikakaa.

Lori likapita darajani likaingia kwenye shimo kwa kishindo. Lado alijikuta amepiga magoti nyuma ya benchi. Kahawa ya pili ya Sajini ilimwagikia kanzu. Mimi nilijichoma sindano kidoleni. Kikombe cha Muzamili hakikutoa tone.

Ndipo akaja mwanamke na kikapu, akaagiza kahawa, akajitaja kuwa anaitwa Eyotaru. Alikuwa anatoka hospitali ya Kuluva kumwona mama yake aliyelazwa, na anangoja gari la kwenda kwao Inde. Alikuwa amechoka. Aliona nafasi mwisho wa kushoto wa benchi, akakaa. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kuuma uzi.

Eyotaru: Huyu baba nafanya nini?

Sajini: Najifunza shabaha, mama. Kesho iko mutihani.

Eyotaru: Nani namufundisha?

Daktari: Sisi.

Alimtazama Sajini na kanzu yake yenye kahawa, kisha Lado anayepangusa magoti.

Eyotaru: Nyinyi mulipata ngapi?

Lado: Sisi bado. Kumi alipata Marino peke yake.

Eyotaru: Basi si muite huyo Marino, aje kumuonyesha?

Aliuliza kwa wema tu, akipuliza kahawa. Sajini aligeukia daraja. Daktari, ambaye ana jibu la kila kitu tangu nimfahamu, aliokota ile karatasi ya shabaha akaikunja mara nne, mara tano, mpaka ikakataa kukunjika. Mama wa watu akadhani amekosea jambo, akajisogeza, akakaa vizuri zaidi pale pa Marino.

Mariam Poni: Kahawa imekwisha. Kila mutu aende kwake.

Birika lilikuwa limejaa. Nililiona likitoa mvuke.

Muzamili alikuwa bado amenyoosha mikono. Nilikodolea kikombe kile nikiomba kimwagike, tone moja tu, ili tuseme bado hajaiva, ili tumwambie kesho akose kama alivyozoea, na geti lingine tutamtafutia sisi wenyewe. Alivuta pumzi. Akatoa nusu. Akafinya kijiti polepole, vilevile tulivyomfundisha, na kahawa ndani ya kikombe haikutikisika hata kidogo.