Kliniki ya Mowlem Haiuzwi

Sogeeni, wanangu. Mutie, weka simu chini. Huyo anayekupigia atakupata baadaye, mimi huenda usinipate. Wanza, niinue kidogo kwa huo mto, hivyo, ili sauti itoke. Na wewe Kyalo, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Ingia uketi, maana maneno mengi ya leo yanakuhusu na sitaki uletewe nusu yake na watu.

Daktari ameniambia moyo umechoka. Hakuwa na haja. Mimi Nthoki nimesikiliza mioyo ya ng'ombe, mbwa na punda tangu nitoke chuoni Kabete, na wangu naujua unasema nini. Kwa hivyo msinibembeleze. Nisikilizeni tu.

Nyumba hii ni ya Wanza, kwa sababu ndiye aliyerudi kukaa nami miguu ilipoanza kuvimba. Shamba la Kibwezi ni la Mutie, pamoja na ng'ombe na kisima, na asije mjomba yeyote kusema mpaka ulipita kwingine. Marehemu baba yenu alipanda miarobaini kwenye kila kona na bado imesimama. Hayo yamekwisha. Sasa tuzungumze juu ya kliniki yangu ya wanyama pale Mowlem, ambayo najua ndiyo imewaleta na nyuso hizo.

Kliniki haiuzwi.

Usinitazame hivyo, Mutie. Nilikusikia kwenye korido ya hospitali ukimwambia mtu kwamba ploti ya Mowlem iko karibu na barabara na gorofa itajaa wapangaji kabla rangi haijakauka. Unataka watoto wako wale vizuri, hilo silaumu. Lakini yaliyotokea pale uliyasikia vipande vipande mtaani, na leo utayasikia kwangu yote.

Kyalo alikuja kwetu kutoka Kitui, daktari wa mifugo aliyemaliza masomo juzi tu, mikono mitulivu, na akicheka unamsikia hadi kwa muuza makaa ng'ambo ya barabara. Wateja wetu mnawajua. Mmoja analeta mbwa aliyegongwa na bodaboda, mwingine mbuzi aliyemeza karatasi za nailoni, na wengi wanakuja wakati umeshapita, ndipo wanasema, daktari, mpige tu sindano ya mwisho asiteseke. Daktari anapiga. Anavuta mlango wa chumba hicho, anaingia cha pili ambako mtoto amebeba kibwa kije kichanjwe, na lazima atabasamu. Fanyeni hivyo kila siku, halafu mje mniambie kazi yetu ni kucheza na wanyama.

Ndipo akaja Njogu, yule mfugaji wa mbwa wa Umoja. Mbwa wake jike alikuwa amekwama na uzazi, na yeye akawa anamnywesha dawa alizoshauriwa na majirani. Alipomleta, watoto walikuwa wameshakufa tumboni. Kyalo alimpasua, akahangaika naye, mimi nikimsaidia, na mbwa akafa mikononi mwetu. Njogu akampiga Kyalo picha akiwa na damu kwenye aproni, akaitupa Facebook, akaandika, "Huyu ndiye muuaji wa Mowlem." Watu wasiojua mbwa huzaa vipi wakamtukana mpaka mama yake huko Kitui akapigiwa simu.

Kyalo alisema yuko sawa. Kila nikimuuliza, "Niko sawa, daktari." Lakini chakula chake kilirudi nyumbani kama kilivyokuja, na kile kicheko sikukisikia tena.

Halafu akaja mzee Twalib wa Pumwani na paka wake, figo zimekwisha. Mzee alimpakata mpaka sindano ikafanya kazi, akamfunga kwa shuka safi, akamshika Kyalo mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, Mungu akulipe. Umemsitiri." Akaenda zake. Matusi ya Njogu, Kyalo alikuwa ameyabeba muda wote huo. Shukrani za yule mzee ndizo zilizomwangusha. Alikuja ofisini kwangu, akaweka funguo za kabati la dawa mezani.

"Daktari, kaa na hizi. Leo sijiamini nikiwa nazo."

Nilisimama nikafunga mlango. Nikamuuliza waziwazi, maana jambo hilo halizungushiwi maneno: "Kyalo, unafikiria kujiua?"

Akasema, "Ndiyo."

"Umefanya vizuri kuniambia. Hutatoka hapa peke yako."

Kyalo, inua kichwa. Uliniruhusu niyaseme haya, na hakuna aibu ndani yake.

Nilimwambia Jecinta wa mapokezi awaelekeze wateja kwingine, tukafunga geti mchana kweupe, nikampeleka hospitali mwenyewe, dada yake akaja, tukaketi naye mpaka daktari wa akili alipomwona. Wakampa dawa, wakampa mshauri wa kuongea naye, wakamwambia apumzike. Akapumzika miezi kadhaa. Na hapo ndipo vita vyangu vilipoanza.

Mutie, uliniambia jikoni mwa nyumba hii, "Mama, hii ni biashara. Wateja wakisikia daktari ana shida ya kichwa, tumeisha. Mwachishe kazi kwa heshima." Nikakuuliza, angevunjwa mkono na ng'ombe wa mtu, ungemwachisha? Ukasema hiyo ni tofauti. Mpaka leo sijaiona tofauti yenyewe. Watu wa kanisa wakaja wakasema ni mapepo. Nikawaambia, ombeni kwa sauti mnayotaka, na dawa atameza. Madaktari wenzangu wa zamani wakasema, mbona sisi tulivumilia? Nikawauliza, na wale wenzetu tuliowazika wangali vijana, tukatangaza ni ajali, tukatangaza ni malaria, hao walivumilia wapi?

Kyalo aliporudi alikuta tumebadilisha mambo. Kabati la dawa lilikuwa na makufuli mawili, na funguo zikashikwa na watu wawili tofauti, sote kwa zamu, mimi nikiwemo, ili asijione ndiye anayelindwa. Aliyepiga sindano ya mwisho haingii chumba kingine papo hapo. Anakaa uani na chai yake, mwenzake anakaa naye, hata foleni ikifika barabarani. Aliye likizo hapigiwi simu, hata na mimi. Mshauri anakuja na tunaketi naye, na wa kwanza kuketi nilikuwa mimi. Wateja wengine walikasirika wakahama. Wahame. Sikumfuata hata mmoja.

Njogu naye alirudi, na mbwa mwingine, anatapika. Akamwona Kyalo, akapaza sauti ukumbi mzima: "Sitaki huyo wazimu aguse mbwa wangu!"

Nikatoka na gambuti zangu. "Mbwa wako ni mgonjwa, ataingia. Wewe huna adabu, utangoja nje ya geti."

"Mama, kwani hunijui mimi?"

"Nakujua vizuri. Toka."

Alingoja juani. Kyalo alisema hataki kumtibu mbwa huyo na sikumlazimisha. Nikamtibu mwenyewe, akapona. Njogu hakuomba msamaha, nami sikukaa kuungoja.

Maji, Wanza. Kidogo tu... Asante.

Sasa neno lenyewe. Ploti ni yenu wawili, Mutie na Wanza, wakili anajua, lakini haiuzwi wala haijengwi gorofa maadamu kuna daktari anayetibu mle ndani. Mkuu wa kliniki ni Kyalo. Utaratibu niliouweka usiondolewe na mtu kwa kisingizio cha kazi nyingi, kwa sababu kazi itakuwa nyingi daima. Mutie, ukiwa na hasira, iwe na mimi. Mtanizika Kibwezi, shambani kwako, kwa hivyo njoo unigombeze huko muda unaotaka.

Kyalo, siku ikikulemea tena, na inaweza, hatudanganyani, sema siku hiyo hiyo. Kwa Wanza, kwa Jecinta, kwa dada yako. Na nyinyi mkiambiwa, msianze na mahubiri.

Kwenye mazishi yangu asisimame mtu kusema sikuwahi kuchoka. Nilichoka mara nyingi, nikaketi, nikainuka. Semeni hivyo, kisha mwimbe, mle, mwende nyumbani.

Mungu awafunike, wanangu. Awape usingizi mzuri. Awape watu wa kuwauliza mmeamkaje, na wangoje jibu. Nawe Kyalo nakubariki pamoja nao... mama yako wa Kitui anisamehe nikikuita wangu.

Pumzi... ngojeni.

Mutie. Simama. Mpe Kyalo mkono.

Nimesema simama, bado sijafa... Naona. Si vidole tu, mshike... Ndiyo. Hivyo.

Kyalo, usimwachilie. Analia.

Mwacheni alie... Asimnyamazishe mtu.