Ganda si Risasi

Mwaka ule wa operesheni ya jeshi kusaka wapiganaji mlimani, benchi la Hashim halikupoa. Lilikuwa ubao mmoja mrefu uliowekwa nyuma ya msikiti, Kitale mjini, mkabala na maghala ya mahindi, na Hashim mwenyewe alikaa kwenye ncha yake na dele la kahawa chungu juu ya makaa. Helikopta zikipita kuelekea Elgon, watu wengine walikatiza maneno wakatazama chini. Watu wa benchi walitazama juu na kubishana ni ya aina gani. Bingwa wao alikuwa Ngari, muuza viatu vya mitumba, ingawa jina hilo lilibaki kwa mkewe tu. Kijiweni aliitwa Kaliba, kwa kupenda kutaja vipimo vya mitutu. Zamani alifungua belo la viatu akakuta majarida ya bunduki ya Ulaya yamesokomezwa ndani ya buti ili zisibonyee. Akayanyoosha moja moja kwa pasi, akayasoma mpaka yakachanika, na tangu hapo hakuna mtu aliyetaja bunduki mbele yake bila kusahihishwa. Bunduki yenyewe hakuwahi kuishika. Hakulificha jambo hilo, ila hakulitangaza pia.

Asubuhi hiyo chokochoko ilianzishwa na redio ya Zahid. Zahid alikuwa fundi wa simu, na kwa vile redio haikumtoka begani walimwita Bibisi. Mtangazaji alisema mkulima mmoja wa upande wa Ndalu amekamatwa na wanajeshi akiwa na bastola aina ya AK-47 pamoja na risasi.

Kaliba aliweka kikombe chini kana kwamba ametukanwa.

— Bastola aina ya AK-47! Mmesikia hiyo kitu? Ni kama kusema baiskeli aina ya lori.

— Si bora bunduki, bana, — Bibisi akasema. — Ikikupiga utauliza ni bastola ama ni nini?

— Nitauliza! Bastola unashika na mkono moja. AK ni ya bega. Halafu jana huyo huyo alisema "klipu". Haiitwi klipu, inaitwa magazini. Klipu ni kachuma ka kushikilia risasi tu, magazini ndio sanduku yenyewe.

Mzee Mukhisa wa Matulo alikohoa. Huyu alikuwa amelinda ghala la mahindi miaka mingi akiwa na rungu na tochi, na kwa sababu ya koti lake lenye vifungo vya shaba wakamwita Sajenti.

— Wewe Kariba unasoma vitabu. Mimi nimeona. AK ya kwerikweri inapiga kona. Mtu anajificha nyuma ya nyumba, lisasi inazunguka, inabisha mrango.

— Sajenti, risasi haipindi.

— Inapinda! Kwa nini unafikili watu wa mlimani wanakufa ndani ya pango?

— Hiyo ni kitu kidogo, — Bibisi akadakia. — Mimi nilisikia kuna ingine imeletwa na hizo ndege. Haina sauti kabisa. Unapigwa uko kwa barabara, hujui. Unatembea, unasalimia watu, unafika kwako. Ukikaa tu kwa kiti, ndio unakufa.

— Ati ukikaa?

— Ukikaa. Ndio sababu wengi wanapatikana kwa nyumba.

Hashim akacheka kidogo huku akipangusa vikombe. Kaliba hakucheka. Alikuwa ameshaanza kueleza habari za kizuia sauti, kwamba hakizimi mlio wote, kwamba risasi yenyewe hupasua hewa, na mikono yake ilikuwa ikichora mtutu hewani. Alipenda sana nafasi hii. Siku nzima alikuwa mtu wa kuinama mbele ya miguu ya wateja, akikaza kamba za viatu. Hapa alikuwa mtu wa kusikilizwa.

— Samahani, — sauti ya mwanamke ikasema. — Huyo mkulima wa kwa redio ni bwanangu.

Wote wakageuka. Mama huyo alikuwa amekaa upande wa Hashim tangu mapema. Hashim alikuwa amempa kahawa na nafasi ya kupumzisha miguu, maana alisema anangojea saa ya kuona wafungwa kwenye kituo cha polisi. Alivaa sweta ya kijani na kitambaa kichwani, na mapajani alishika mfuko wenye shati, sabuni na chapati zilizofungwa kwa gazeti.

— Pole mama, — Hashim akasema.

— Pole sana, — wengine wakafuata, na Bibisi akapunguza sauti ya redio.

— Mimi naitwa Wakonyo. Bwanangu ni Kimotho, tuko na shamba huko Ndalu. Hakukuwa na bastola. Hakukuwa na bunduki yoyote. Alikuwa anapalilia mahindi, jembe ikagonga kitu. Kitu kidogo ya shaba, urefu kama kidole. Tulijua kuna watu walipita huko na bunduki wakati wa vita. Nikamwambia atupe kwa choo. Akasema hapana, akitupa na ipatikane itakuwa shida. Akapeleka mwenyewe kwa kambi ya askari. Akawaambia, nimepata risasi kwa shamba yangu.

Akaukaza mfuko mapajani.

— Wakamuuliza, na bunduki iko wapi?

Kaliba alisogea ukingoni mwa benchi. Aliinama mbele.

— Mama, hiyo kitu. Ilikuwa na kichwa? Mbele ilikuwa imechongoka, ama ilikuwa wazi?

— Ilikuwa wazi. Kama kifuniko cha kalamu. Ndani ilikuwa imejaa udongo.

— Na nyuma, katikati ya kitako, kulikuwa na alama kama imechomwa na msumari?

Wakonyo akafikiri. — Ndio. Kadoti kameingia ndani.

Kaliba akapiga goti lake kofi.

— Ganda! Hiyo ni ganda, mama, si risasi! Risasi ilishatoka zamani, ikaenda zake. Kichwa hakuna, baruti hakuna. Hiyo haiwezi kuua hata kuku. Ganda si risasi!

— Hapo umesema, — Bibisi akakubali.

— Hata mimi nilijua ni ganda, — Sajenti akasema. — Lisasi haikai na udongo.

Benchi lote likachangamka. Walibishana kama lilikuwa ganda la AK au la bunduki ya G3, kama shaba huota kutu, kama mvua ya mwaka mmoja yaweza kulizika kina cha jembe. Kaliba alimwonyesha Wakonyo kwa kidole chake: likiishia hapa ni la AK, likifika hapa ni la G3. Kwa kitambo hicho kifupi ilionekana kama Kimotho ameshatoka, kama neno lenyewe limefungua mlango.

Wakonyo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akapachika mfuko kwapani.

— Basi twende, — akamwambia.

— Wapi, mama?

— Kituoni. Mimi sijui haya maneno. Nikiongea watasema ni mama wa shamba. Wewe uwaambie vile umeniambia.

Kaliba akatazama kikombe chake. Hakukuwa na kitu ndani, ila alikitazama. Aliona meza ya kituo, na mtu mwenye sare nyuma yake, na swali la kwanza ambalo mtu huyo angeuliza. Wewe umejulia wapi bunduki? Mwaka ule vijana walikuwa wakichukuliwa kwa kuwa na kovu begani, eti ni alama ya kitako cha bunduki. Naye alikuwa na sanduku zima la majarida chini ya kitanda.

— Mama, si unajua... viatu vyangu viko nje. Hakuna wa kuangalia.

— Mimi nitaangalia, — Hashim akasema polepole.

— Hapana. Unajua, mimi si shahidi. Sikuona hiyo kitu na macho. Lakini wewe waambie tu ganda. Wataelewa. Hao ni watu wa kazi hiyo.

Wakonyo akamgeukia Sajenti. Sajenti akaanza kusugua goti na kulalamika juu ya baridi yabisi. Akamgeukia Bibisi, na Bibisi alikuwa amefungua mgongo wa redio anatafuta hitilafu.

— Ganda, — Wakonyo akasema, kama mtu anayejifunza jina la mgeni. — Ganda si risasi.

Akaondoka. Walimsikia akilirudia mpaka alipokata kona ya msikiti.

Mazungumzo hayakurudi. Bibisi alijaribu habari za helikopta, zikafa. Kaliba alikaa, akasimama, akakaa tena, kisha akasema anaenda kutafuta chenji, akaifuata njia aliyopita yule mama. Alifika ng'ambo ya barabara kutoka kituoni, akasimama nyuma ya kibanda cha muuza magazeti. Kutoka pale aliliona lango. Alijiambia kwamba akimwona mama anasumbuliwa ataingia. Halafu akajiambia kwamba akitoka analia ataingia. Jua lilihama. Muuza magazeti akamuuliza kama ananunua ama anasoma bure.

Wakonyo alitoka bado na mfuko wake, na bado umejaa. Alimwona Kaliba papo hapo. Hakushangaa, wala hakukasirika. Alivuka barabara.

— Hayuko, — alisema. — Walimhamisha. Hawasemi wapi. Labda mlimani.

— Uliwaambia?

— Niliwaambia. Nilisema vizuri. Nikasema ni ganda, kichwa hakuna, baruti hakuna. Mmoja akaandika. Akaniuliza, mama, nani alikufundisha hiyo?

Kaliba akarudi hatua moja nyuma ya kibanda.

— Sikusema, — Wakonyo akamwambia, na akaelekea stendi.

Baada ya siku hiyo Kaliba hakuacha kuja kijiweni, maana mtu hana pengine pa kwenda. Lakini mtangazaji alisema "klipu", naye akanyamaza. Sajenti akaleta habari za bunduki inayonusa mtu kama mbwa, naye akanyamaza. Bibisi alimtania kwamba amepata malaria ya mdomo. Nyumbani aliyachoma majarida yote jikoni, na mkewe akauliza kwa nini chai inanuka rangi.

Mahindi ya kando ya barabara yalikuwa yamefika kiunoni alipokuja mtu mmoja mrefu, mwembamba, akitembea kama anayepima ardhi kabla ya kukanyaga. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepona vibaya, vimepinda upande mmoja. Hashim alipomsalimia, aligeuza kichwa ili sikio la kushoto lielekee sauti.

— Natafuta mtu anaitwa Kaliba.

Hakuna aliyemwonyesha, lakini wote walimtazama Kaliba, na hilo lilitosha. Mgeni akakaa. Hashim akampa kahawa, naye akakishika kikombe kwa mkono wa kushoto.

— Mimi ni Kimotho wa Ndalu. Mke wangu alisema wewe ndio ulimpa lile neno.

— Ni mimi, — Kaliba akasema. — Pole sana, mzee. Ulitoka lini?

— Walinishusha barabarani asubuhi moja. Hawakusema kwa nini. Kama vile hawakusema kwa nini walinichukua.

Akanywa kidogo.

— Sikuja na ugomvi. Nataka tu kukuambia vile ilikuwa. Siku za kwanza walinipiga kwa sababu nilisema risasi. Mwenye risasi ako na bunduki, lete bunduki. Nikawaambia sina. Halafu wakapunguza. Nikafikiri wamechoka, wataniachilia. Kisha siku moja akaingia mwingine na karatasi. Akasema, bibi yako amekuja huko mjini, anasema ni ganda. Anasema mpaka habari ya baruti. Mkulima gani huyu, bibi yake anajua ganda na risasi? Kumbe nyinyi ni watu wa bunduki nyumba nzima.

Aliinua mkono wa kulia, akautazama kama chombo cha mtu mwingine.

— Hii ndio ya ganda. Na hili sikio. Ile ya neno risasi ilipona.

Bibisi alizima redio. Sajenti alikuwa amevua kofia bila kujua. Kaliba alitaka kusema samahani, lakini aliona neno hilo dogo mno kulitoa mbele ya mkono ule.

— Mzee, mimi... ilikuwa ni ganda. Kweli ilikuwa ni ganda.

— Najua, — Kimotho akasema bila ukali. — Mke wangu alisema unajua hizi vitu kuliko watu wote Kitale. Ndio nimekuja nikuulize. Hii wiki tunaanza palizi ya pili. Yeye ndio atalima, mimi siwezi kushika jembe bado. Na kwa hiyo shamba ziko zingine, tunajua ziko. Tuseme jembe imegonga.

Aliweka kikombe juu ya benchi, akageuza lile sikio zima lielekee kwa Kaliba ili asipoteze hata silabi.

— Tuiite nini?

Lori la mahindi lilipita, vumbi likatanda, likatulia. Kimotho hakuondoa sikio. Hashim akainua dele kumwongezea kahawa, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi, na kilichodondoka kikombeni kilikuwa mashapo meusi matupu.