Adapta Pindoni: Bi Mwanaamina Pazi Anaiaga Karakana

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Mwanaamina Pazi, mkuu wa kitengo cha kudarizi, anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Ushonaji Nyuzi Saba, Kibaha, kwa miaka thelathini na mmoja. Waliomwona akiingia kazini mwaka 1994 wanasema alikuja na mkasi wake mwenyewe, akaukataa wa karakana kwa kuwa ulikuwa butu. Sisi tuliokuja baadaye tunashuhudia kwamba hajabadilika.

Alizaliwa Kisarawe, akafundishwa na mama yake kudarizi kwa mkono vitambaa vya makochi na foronya za maharusi. Hapa alianzia kwenye kutia vifungo, akapanda hatua kwa hatua mpaka kitengo kizima kikawa chake. Anasema hakuna sebule ya heshima kuanzia Mlandizi hadi Mbwawa isiyokuwa na kitambaa alichokidarizi. Hilo hatujalifanyia utafiti, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumbishia.

Mwaka 2009 karakana ilinunua mashine ya kudarizi iliyokwishatumika ughaibuni. Ilikuwa mashine nzuri ila ya zamani: tundu lake la kupokelea michoro lilitaka kadi pana za kale ambazo madukani hazipo tena. Fundi wetu wa mitambo, Melkiori, akatafuta adapta, kibati chembamba cha ukubwa wa kitambulisho. Kadi ndogo ya kumbukumbu, kama zile za kamera, huchomekwa ndani ya adapta, adapta ikachomekwa kwenye mashine, na mashine ikadhani imepewa kadi ya enzi za ujana wake.

Bi Mwanaamina aliichukua adapta ile akaifanya mali yake. Kila jioni aliichomoa, akaifunga pindoni mwa kanga, akaenda nayo nyumbani. Akichelewa kwa sababu ya msiba au mvua, kudarizi kunasimama, na sisi wa meza ya kukatia tunabaki kupiga soga. Meneja wetu, Bwana Jabiri, alimnunulia kisanduku chenye kufuli. Alishukuru sana, akakitumia kuwekea chumvi ya mihogo yake.

Desemba 2013 pindo lile lilitutoa jasho. Tulikuwa na oda ya kudarizi nembo kwenye masweta ya wanafunzi, na shule zilikuwa zinafunguliwa Januari. Mwenye oda alikwisha kutuonya kwamba tukichelewa kazi inahamia Dar es Salaam. Bila kazi hiyo, tawi letu changa la Kisarawe lingefungwa, na tawi hilo Bi Mwanaamina alilipigania mwenyewe na kuwafundisha kazi mafundi wake wote wanne.

Mwisho wa wiki akaenda Mzenga, ambako ndugu yake, Mzee Mwishehe, alikuwa anamtoa mwali binti yake Firdausi. Sasa, Bi Mwanaamina na ngoma ni kama samaki na maji. Ilipokolea aliingia uwanjani, akacheza mpaka vijana wakampisha, kisha akavua kanga yake ya juu akamtunza mwali. Vigelegele vikapigwa. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya mashine, mkono ukaenda pindoni kama kawaida yake, na kanga haikuwa ile.

Alikimbilia Kariakoo, akarudi na adapta nyingine pamoja na kadi yenye nafasi kubwa kuliko zote dukani, akiamini kikubwa ndicho bora. Mashine ikaikataa. Melkiori akamweleza kwamba mashine kongwe haiwezi kusoma kadi kubwa kiasi kile. Ni kumpa mzee wa meno mawili muwa mzima autafune. Isitoshe, michoro ya nembo ilikuwa kwenye ile kadi iliyopotea ndani ya adapta, na si kwingine.

Ikabidi arudi Mzenga, na hapo ndipo penye aibu, maana kitu alichotunzwa mwali hakidaiwi. Alipokewa kwa bashasha, akapakuliwa ubwabwa, akazungumzia mvua, mikorosho na wagonjwa wa ukoo mzima, huku bodaboda aliyemtoa Mlandizi akisinzia barazani. Alasiri ndipo alipojikaza akasema. Bi Zubeda, bibi yake mwali, akashika kifua. Kanga ilikuwa imeshafuliwa na kuanikwa, lakini fundo hakuna aliyethubutu kulifungua. Wote walidhani ni hirizi ya kumkinga mtoto.

Bi Zubeda hakukubali kirahisi. Kinga ya mwali haiondolewi hivi hivi, alisema, na hiyo adapta ndiyo mdudu gani? Bi Mwanaamina akaeleza kuhusu mashine, masweta na wale mafundi wanne wa Kisarawe. Alipofika kwa mafundi, alilia. Sisi alituficha hilo. Tulikuja kuambiwa na Firdausi. Mwishowe bibi alitoa sharti lake: adapta iende, kanga ibaki, na mjukuu wake aje aone kwa macho yake kitu hicho kinafanya kazi gani.

Melkiori aliifungua, akaisafisha kwa spiriti, akaianika, akamkataza kila mtu kuijaribu mpaka kesho yake. Mashine iliponguruma na nembo ya kwanza kuanza kujitokeza, karakana nzima tulipiga vigelegele, wanaume wakiwemo. Masweta yalifika kabla ya shule kufunguliwa. Tawi la Kisarawe lipo hadi leo, na kadi tunazonunua ni zile ndogo kabisa.

Firdausi alikuja kuona kama ilivyoahidiwa. Akaja tena likizo iliyofuata, na alipomaliza shule akaja kuomba kazi. Hakupendelewa hata kidogo. Alikalishwa miezi mingi akipunguza nyuzi kabla ya kuruhusiwa kuisogelea mashine. Leo ndiye anayeachiwa kitengo.

Tuseme ukweli, tulikuwa na hofu. Miaka yote hii hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuichomeka adapta ile. Jumatatu iliyopita Bi Mwanaamina alifungua pindo, akaiweka kwenye kiganja cha Firdausi, akasema, “Haya mwanangu, chomeka wewe. Na usiisukume kama unafunga mlango.” Kisha akatoka kwenda kunywa chai, na chai yenyewe hakuinywa. Jioni Firdausi hakukigusa kisanduku cha meneja. Aliifunga adapta pindoni mwa kanga yake, na wote tuliitambua: ni ileile ya Mzenga, imepauka, lakini pindo lake bado zima.

Bi Mwanaamina, ahsante kwa kazi, kwa ukali, na kwa aibu uliyoimeza siku ile ili wenzako wasikose riziki. Tutakukumbuka kila asubuhi. Zawadi yetu kwako ni doti ya kanga, na mapindo yake tumeyakagua moja moja. Tunakutakia afya njema na mapumziko matamu huko Kisarawe. Ngoma ikikolea, vua umtunze umtakaye, maana pindoni hamna tena kitu chetu.